Asili ya Neno "Mall"

Katika miji mikubwa ya Kenya, mtu asemapo kwamba anakwenda "mall", kila amsikiaye huelewa kuwa anakwenda katika jengo kubwa lenye maduka mengi chini ya paa moja. Neno hilo ni la Kiingereza, nasi tumelipokea bila kuuliza limetoka wapi. Lakini mgeni akikaa nyumbani siku nyingi, ni adabu kujua kwao. Asili ya neno hili ni ya ajabu, maana halikuzaliwa sokoni, lilizaliwa mchezoni.

Zamani Waitalia walikuwa na mchezo ulioitwa pallamaglio. Palla maana yake ni mpira, na maglio ni nyundo. Mchezaji alipiga tufe la mti kwa nyundo ya mti katika njia ndefu iliyosawazishwa, na aliyelipitisha katika pete ya chuma kwa mapigo machache kuliko wenzake ndiye aliyeshinda. Mchezo huo uliingia Ufaransa, kisha Uingereza, na Waingereza wakauita pall-mall. Mtaa mmoja wa London, karibu na mahali ulipochezwa, unaitwa Pall Mall hata leo.

Mfalme Charles II aliporudi katika kiti cha enzi mwaka 1660, njia mpya ya mchezo ilitengenezwa katika bustani ya St James's, ikaitwa The Mall. Mwezi wa Aprili 1661, Samuel Pepys, mtumishi wa serikali aliyesifika kwa shajara yake, alimwona huko ndugu wa mfalme akicheza, naye akaandika kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona mchezo ule.

Baadaye mchezo ulikufa, njia ikabaki. Watu wa London walipenda kutembea chini ya miti yake, na katika karne ya 18 neno mall likawa na maana ya njia pana yenye vivuli. Aliyekwenda huko hakufuata bidhaa. Alifuata hewa safi na mazungumzo.

Maduka yaliingia katika habari hii huko Marekani. Victor Gruen, msanifu wa majengo aliyezaliwa Vienna mwaka 1903 na kukimbia utawala wa Wanazi mwaka 1938, aliona kwamba wakazi wa viunga vya miji ya Marekani walishinda ndani ya motokaa, wala hawakuwa na mahali pa kukutana. Mwaka 1956 jengo lake la Southdale lilifunguliwa huko Edina, katika jimbo la Minnesota. Maduka yalizunguka ukumbi uliofunikwa, ambao hewa yake haikuwa na joto kali wala baridi kali mwaka mzima. Kwa kuwa wanunuzi walitembea humo kwa miguu, mbali na magari, majengo ya namna hiyo yakaja kuitwa mall.

Gruen alitumaini kwamba nyumba, shule na bustani zingejengwa kando yake. Badala yake wafanyabiashara waliiga maduka tu, wakayazungushia viwanja vya kuegesha motokaa. Kabla ya kufa mwaka 1980, aliyakana hadharani majengo hayo aliyosemekana kuwa baba yake.

Kwetu, Sarit Centre ilifunguliwa Nairobi mwaka 1983, na nyingine nyingi zikafuata. Neno letu "duka" nalo ni la safari: latokana na neno la Kiarabu dukkan, ambalo laweza pia kuwa na maana ya baraza la kukalia. Basi maneno yote mawili yanakumbuka mahali ambapo watu hukaa, hupita na huzungumza. Kijana msomaji, uingiapo mlango wa mall na kupita mbele ya askari wake, tazama kama ukumbi ule una benchi kwa asiye na fedha. Kama halipo, jina limebaki na maana yake ya kale imepotea. Na ninyi mtakaojenga miji ya kesho mnaweza kuirudisha.