Risasi Kwanza, Bastola Baadaye: Historia ya Kuchagua Silaha Kilema na Jirani Zake

Mtu wa Moshi anayetaka bastola leo, awe anataka kujilinda au kushindana kwenye viwanja vya shabaha, karibu kila mara huanza na swali la jina: Glock, Browning, CZ au Beretta? Kila jina lina mashabiki wake, na ubishi wao hauishi. Historia ya miteremko ya Kilimanjaro inatoa sababu za kuliweka swali hilo mwisho. Kwa muda wa miaka mia moja na hamsini na zaidi, kuanzia enzi za wamangi, watawala wa Kichaga, ubora wa silaha mlimani haukuamuliwa na chuma chake peke yake. Uliamuliwa na njia inayoleta baruti na risasi, na fundi anayejua kuitengeneza ikiharibika, na mamlaka inayoruhusu au kuzuia vyote hivyo. Aliyeitazama silaha bila kuitazama njia hiyo alijikuta na kitu cha fahari kisichofaa siku ya haja.

Tuanzie Kilema, kwa kuwa ndiko mgeni wa kwanza wa Ulaya kuufikia mlima alikopokelewa. Johannes Rebmann, mmisionari wa shirika la Kiingereza la CMS, alitoka Rabai mwishoni mwa Aprili 1848 akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyezijua njia za bara. Tarehe 11 Mei akauona mlima wenye theluji, kisha akaingia Kilema kwa Mangi Masaki. Inajulikana sana kwamba kitu alichoshika mkononi kilikuwa mwavuli. Misafara ya biashara ya siku hizo haikwenda bara bila bunduki, lakini wenyeji wa mlimani bado walitegemea mkuki, ngao na upinde. Mkuki wa Kichaga ulisifiwa na wasafiri wengi waliofuata, na sifa hiyo ilikuwa na msingi. Chuma kilitoka Upare ya Kaskazini, upande wa Usangi na Ugweno, kikafuliwa na wahunzi wa mlimani, wakiwemo wale mashuhuri wa Mamba. Ukipinda, ulirudishwa kwa mhunzi aliyeufua, mwendo wa saa chache. Malighafi, fundi na mtumiaji walikuwa ndani ya eneo ambalo mtu angeweza kulizunguka kwa siku chache kwa miguu. Hakuna silaha iliyoingia mlimani baadaye ambayo ilikuwa na mnyororo mfupi kama huo.

Bunduki iliukata mnyororo huo. Gobole lililopakiwa kwa mdomo wa mtutu lilikuwa duni kwa kipimo cha wahandisi wa Ulaya: halikulenga mbali, lilichukua muda kupakiwa, na mvua ya mlimani ililinyamazisha. Hata hivyo lilienea, na sababu yake inafaa kufikiriwa na kila anayenunua silaha. Gobole halichagui chakula. Baruti ya magendo yenye chembe kubwa inalitosha, na badala ya risasi ya kiwandani unaweza kulishindilia vipande vya chuma au hata kokoto. Bunduki za kisasa zaidi zilizopakiwa kwa nyuma, kama Snider na Remington, zilipiga mbali na kwa haraka, lakini kila moja ilidai risasi ya aina yake, yenye ganda lililotengenezwa kiwandani ng'ambo. Majeshi ya Ulaya yalipobadilisha bunduki zao katika miaka ya 1860 na 1870, zile kuukuu zilitafuta soko, na Unguja ikawa mlango mmojawapo mkubwa. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia sehemu hizi za Afrika kila mwaka. Hayo ni makadirio ya mwanadiplomasia aliyekuwa na hamu ya kuona biashara hiyo inapigwa marufuku, kwa hiyo tuyachukue kwa tahadhari. Lakini hata tukiyagawa nusu, bado ni mafuriko.

Katika mafuriko hayo, nani alipata nini kilitegemea njia. Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, hakuwa na watu wengi kuliko wapinzani wake wote. Alichokuwa nacho ni urafiki na misafara ya Pwani, bendera ya Sultani wa Unguja, na ustadi wa kumfanya kila mgeni aamini kwamba mlango wa Kilimanjaro ni yeye. Mwaka 1885 alitia sahihi mkataba na Karl Jühlke wa kampuni ya Wajerumani, na mwaka 1889 akapeleka wajumbe wake hadi Berlin. Wengi wamemcheka kwa hilo, wakiona tamaa ya zawadi. Mimi naona hesabu ya mtu aliyejua kwamba ghala la bunduki bila rafiki wa kulijaza ni mzigo. Mpinzani wake Sina wa Kibosho alikuwa shujaa zaidi vitani na alikuwa na boma la mawe lililowatisha hata maafisa wa Kijerumani. Lakini Februari 1891 Hermann von Wissmann alimshambulia kwa mizinga na bunduki za rashasha, askari wa Rindi wakiwa upande wa Wajerumani. Boma lilianguka.

Hapo hoja yangu inakutana na pingamizi zito. Tarehe 10 Juni 1892 Meli, mwana wa Rindi, alikishinda kikosi cha Albrecht von Bülow, na Bülow mwenyewe akafa. Wajerumani wakaiacha Moshi. Je, si ushahidi kwamba bunduki zilizoko mikononi, zikipigwa na watu wanaoijua ardhi yao, zinatosha? Kwa siku moja, ndiyo. Lakini tazama yaliyofuata. Hoja ya kwanza ya Wajerumani baada ya kushindwa ilihusu ugavi: waliwashutumu wamisionari Waingereza wa CMS kwamba ndio waliompatia Meli silaha, na wamisionari hao wakaondoka Moshi kwenda Taveta. Tayari Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulikuwa umezuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika ukanda mkubwa wa Afrika, huku ukiyaachia magobole nafasi chini ya udhibiti. Wakubwa wa Ulaya walielewa vizuri kuliko wapenzi wengi wa silaha wa leo kwamba Mwafrika mwenye gobole anavumilika, na mwenye bunduki ya risasi za ganda anazuilika kwa kumnyima ganda. Agosti 1893 Kanali von Schele alirudi na jeshi kubwa, na Meli, ambaye hakuwa na mahali pa kujaza tena ghala lake, alishindwa. Alinyongwa Machi 1900 pamoja na viongozi wengine.

Kilema ilichukua njia nyingine, na ni kosa kuisoma kama woga. Mangi Fumba alitawala nchi ndogo iliyobanwa kati ya Moshi na Marangu, wapinzani wawili wenye bunduki na marafiki. Kushindana nao kwa idadi ya mitutu kungekuwa kujifilisi. Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walipopita mwaka 1890, Askofu de Courmont na Padri Alexandre Le Roy wakiwemo, Fumba aliwakaribisha, na mwaka 1891 misheni ya kwanza ya Kikatoliki mlimani ikaanzishwa Kilema. Wapo watakaosema kwamba kumleta padri si kuchagua silaha. Kwa mangi wa wakati ule ilikuwa sehemu ya hesabu ileile: nani atakuwa upande wangu, na atanifikishia nini. Fumba alipata mgeni wa kudumu aliyeandika barua Ulaya na ambaye utawala wa Kijerumani ulilazimika kumheshimu. Ulinzi wa namna hiyo haukuhitaji baruti, ingawa nao ulikuwa na gharama zake.

Vita Kuu ya Kwanza viliyarudia mambo hayo kwa kiwango kikubwa, na Moshi ilikuwa katikati yake, kwa kuwa reli kutoka Tanga ilikuwa imeufikia mji mwaka 1911. Kampuni nyingi za askari wa Kijerumani ziliingia vitani mwaka 1914 na bunduki za mtindo wa 1871, zenye baruti iliyotoa moshi mzito na kumfichua mpigaji. Kwa karatasi, ilikuwa silaha mbovu. Ushindi wa Tanga, Novemba 1914, uliwapatia bunduki 455 za kisasa, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000, na hesabu hiyo ya mwisho ndiyo iliyobadilisha maisha ya jeshi. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyowaletea Wajerumani risasi, ilipozamishwa kwenye ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, risasi ziliopolewa majini, zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa upya. Watu hawafanyi kazi ya namna hiyo kwa sababu wanapenda bunduki fulani. Wanaifanya kwa sababu bunduki isiyo na risasi ni rungu ghali. Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi, na utawala wa Wajerumani kwenye miteremko ukaisha.

Bastola inayojipakia yenyewe ilizaliwa katika miaka hiyohiyo: Mauser C96 mwaka 1896, kisha ile ya Georg Luger, ambayo jeshi la Ujerumani liliipokea mwaka 1908. Mwenye kupenda ufundi atanipinga hapa, naye ana haki ya kusikilizwa. Atasema bastola si gobole. Ubora wake hupimika. Katika majaribio ya jeshi la Marekani mwaka 1911, bastola ya John Browning ilipiga risasi 6,000 bila kukwama, ya mpinzani wake ikakwama mara kadhaa, na uamuzi ukatoka humo. Chuma bora, springi bora, mtutu uliochongwa vizuri: hayo si hadithi. Nakubali yote. Lakini jaribio lenyewe lilihitaji risasi 6,000 za aina moja, safi, zilizotoka kwa mwenye kiwanda. Bastola inayojipakia ni nyeti kwa chakula kuliko silaha zote zilizoitangulia, kwa kuwa nguvu ya risasi ndiyo inayorudisha sehemu ya juu nyuma, kulitupa ganda na kupandisha risasi nyingine kutoka magazini. Risasi dhaifu huikwamisha. Yenye nguvu kupita kiasi huichakaza. Utegemezi ambao gobole liliukwepa umerudi kwa ukali zaidi.

Historia ya risasi yenyewe inaunga mkono hilo. Luger alibuni risasi ya milimita 9 mwaka 1902. Bastola yake imebaki katika makumbusho na makabati ya wakusanyaji, lakini risasi ile imeenea duniani kote. Browning Hi-Power ya mwaka 1935 iliitumia, ikabeba risasi 13 na kuwa silaha ya majeshi na polisi wa nchi nyingi. Glock 17 ya Austria, iliyotokea mwaka 1982, iliitumia pia. Kila jeshi lililoichagua liliongeza viwanda vya kuitengeneza, na kila kiwanda kikavuta wanunuzi wengine. Mnunuzi wa leo anayedhani amechagua bastola ya milimita 9 kwa akili yake, kwa sehemu kubwa amechaguliwa na ugavi uliokwisha kutandazwa.

Tofauti kati ya bastola ya mashindano na ya kubeba haiondoi jambo hili. Shirikisho la mashindano ya kulenga shabaha la IPSC, lililoanzishwa Marekani mwaka 1976, lilikuza bastola nzito, zenye kifyatulio chepesi na lenzi za kulengea, ambazo hakuna mtu mwenye akili angezificha kiunoni. Mwaka 1996 shirika jingine, IDPA, likaanzishwa na watu walioona michezo imejitenga mno na maisha, likataka silaha na mikanda ambayo mtu hubeba kweli. Kenya imeupokea mchezo huo, na uwanja wa Kirigiti, Kiambu, umekuwa makazi yake. Nchini Tanzania kikwazo ni vibali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inampitisha mwombaji polisi na kwa mamlaka kadhaa kabla ya leseni, na kununua risasi nako kuna kibali chake. Wapo wanaolalamika kwamba sheria hiyo inamnyima mlengaji nafasi ya kujifunza. Malalamiko yana ukweli kwa upande wa mchezo. Mshindani wa dhati humaliza maelfu ya risasi kwa mwaka. Lakini nchi iliyopakana na maeneo yaliyosumbuliwa na silaha haramu kwa miongo mingi haiwezi kulaumiwa kwa kuhesabu maganda, na mwenye kununua bastola hana budi kuipokea hesabu hiyo kama sehemu ya silaha yenyewe.

Kwa hiyo mkazi wa Kilema au Moshi mjini, mwenye leseni halali na risasi chache, hafai kuchagua kama Mmarekani mwenye sanduku la risasi elfu nyuma ya gari. Bastola ya mashindano iliyobanwa sana ili ilenge kwa usahihi huhitaji kupigwa sana ndipo ilainike, na springi zake hubadilishwa mapema. Hapa itabaki ngeni kwa mwenyewe. Ya kubeba nayo haiaminiki mpaka iwe imepiga mia kadhaa za risasi zilezile itakazobebeshwa, bila kukwama. Unyevu wa mlimani hula chuma kisichopakwa mafuta, na fundi wa silaha mwenye kibali hapatikani kila kata. Kwa masharti hayo, bastola ya milimita 9 ya aina iliyozagaa, iliyokwisha kutumika, yenye karatasi kamili na magazini za ziada zinazopatikana Dar es Salaam au Arusha, inaishinda mpya yenye jina kubwa na risasi za kuagizwa. Muuzaji atakayeulizwa kwanza kuhusu risasi na springi huenda akashangaa, maana wateja wake wengi huanza kwa kuuliza rangi na bei.