Kroshe ya Irlandi, Urithi wa Mama kwa Binti

Katika parokia zetu wako akina mama wanaofuma vitambaa vya meza na vya altare kwa sindano yenye kulabu. Kazi hiyo ndiyo kroshe. Wengine huidharau, husema ni mchezo wa jioni tu. Basi, tutazame nchi ya Irlandi, ambako kazi hiyo ililisha nyumba nyingi.

Maskini wa Irlandi walikula viazi ulaya karibu kila siku. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia mashambani, viazi vikaoza ardhini. Mwaka 1841 nchi ile ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8; mwaka 1851 walibaki kama milioni 6 na nusu. Kama milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengi walivuka bahari.

Katika taabu hiyo Masista Waursula wa Blackrock, karibu na mji wa Cork, waliwafundisha wasichana kufuma. Kaskazini, katika mji wa Clones, Bibi Cassandra Hand, mke wa mchungaji Mwanglikana, alianzisha kazi hiyo mwaka 1847. Kwa nini kroshe? Kwa sababu vyombo vyake ni vichache, uzi na sindano basi. Tena huenda upesi kuliko lesi ya sindano ya kushonea.

Walifanyaje? Kila ua lilifumwa peke yake: waridi, zabibu, au jani. Ukingoni walitia uzi mnene ndani, ili ua liinuke. Kisha waliyapanga maua juu ya kitambaa chenye mchoro, wakayaunganisha kwa wavu mwembamba. Jamaa nyingi zilikuwa na ua lao wenyewe, wakalificha jirani asiliige. Mama alimrithisha binti. Asipomfundisha, ua lilikufa pamoja naye. Kumbe ua lile lilikuwa shamba la nyumba, shamba lisiloozeshwa na ugonjwa!

Lesi ile ilivaliwa na matajiri wa London na Paris, lakini mfumaji mwenyewe alipata sehemu ndogo ya bei. Baadaye mashine ziliiga sura yake na kuuza rahisi. Hata baada ya vita ya 1914-1918 mavazi yalibadilika, soko likafifia. Walakini kroshe ya kweli hufumwa kwa mkono, na Clones bado wako wanaoifuma.

Siku hizi watu wa miji mikubwa wanatafuta tena nguo za mkono, chache lakini zenye kudumu. Basi, ukiona sokoni kitambaa cha kroshe kwa bei ndogo mno, jiulize: nani aliyekalia kazi hii siku nyingi, naye alilipwa nini? Mnunuzi, lipa kwa haki. Nawe mama, usingoje uzee. Mwite binti yako leo, umfundishe ua lako.