Gereji Bubu na Chuma cha Ufipa

Katika lugha ya halmashauri zetu kuna msamiati mmoja ambao umekuwa ukinisumbua kwa miaka mingi: gereji bubu. Maana yake tunaifahamu sote. Ni karakana isiyo na leseni, haina bango wala uzio, na fundi wake hufanya kazi chini ya mwembe au pembeni mwa barabara. Sina ugomvi na sheria ya leseni. Ugomvi wangu ni na hilo neno la pili. Anayeitwa bubu huwa haulizwi anajua nini, kwa sababu imeshaamuliwa kwamba hana la kusema. Lakini hata bubu huzungumza kwa mikono, na katika uwanda wa Ufipa mikono imekuwa ikizungumza juu ya chuma kwa karne kadhaa.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Sumbawanga. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ile ya uwanda wa juu ambayo mgeni kutoka Dar es Salaam haiamini mpaka aombe blanketi la pili. Nilikwenda kumwamkia baba mdogo, naye kama kawaida yake alikuwa nyuma ya nyumba, amelala chali juu ya gunia chini ya Land Rover yake. Ni Series III, ile ndefu ya 109, namba inayotokana na inchi 109 zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Aliinunua mnadani ikiwa haina injini, miaka michache kabla ya kustaafu udereva. Tangu hapo imekuwa kazi yake ya jioni. Haimwingizii shilingi. Huifungua, huisafisha, huifunga, huitembeza hadi sokoni Mazwi na kurudi, kisha huanza tena.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, Daktari. Nipe spana ya kumi na saba.”

Nilimpa ya kumi na tisa. Aliirudisha bila kusema neno, nami nikajua hadhi ya shahada yangu katika uwanja ule.

Lazima nikiri jambo jingine. Nilikuwa nimefika pale na ujumbe. Ndugu zangu walikuwa wamekubaliana kwamba gari lile liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Baba mdogo ana miaka sabini na minane, macho yamepungua, na hofu yao kwamba siku moja jeki itateleza haikuwa hofu ya kijinga. Mimi, kama msomi wa ukoo, niliunga mkono hoja hiyo kwa simu kabla hata ya kuliona gari. Nilikuwa nimepiga na hesabu ya kilo.

Yaliyofuata yalinirudisha kwenye historia, na ndiyo sababu ya makala hii.

Msomaji aliyepita vijiji vya Ufipa huenda ameonyeshwa magofu ya tanuri za kale za udongo. Kwa Kifipa tanuri hiyo huitwa ilungu, wingi wake malungu. Ilikuwa ndefu kuliko mtu, mara nyingi kufikia mita tatu, na mara nyingi ilijengwa karibu na kichuguu, kwa kuwa udongo wa mchwa hufinyangika vizuri na huvumilia moto. Jambo la ajabu ni kwamba tanuri hiyo haikuhitaji mivukuto. Chini yake kulikuwa na matundu yaliyowekewa mirija ya udongo, na urefu wa tanuri wenyewe ulifanya kazi ya dohani: hewa ya moto ilipanda, hewa baridi ikavutwa kuingia. Ndani yalipangwa mawe ya chuma na mkaa kwa tabaka, na moto uliwaka usiku na mchana kwa siku kadhaa. Kilichotoka humo hakikuwa chuma safi. Kilipelekwa kwenye tanuri ya pili, fupi na ndogo, iitwayo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika kukisafisha kabla ya mhunzi kukifua kuwa jembe, shoka au mkuki.

Tafakari ni maarifa kiasi gani yalihitajika hapo. Kuna jiolojia ya kutambua jiwe lenye chuma. Kuna elimu ya miti ya kujua mkaa upi una joto la kutosha. Kuna fizikia ya mwendo wa hewa, na kuna utawala wa watu, kwa maana kuchimba, kuchoma mkaa, kujenga na kulinda moto ni kazi ya kundi kubwa lenye kiongozi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa. Vilikaa vichwani na mikononi.

Kwa nini vilitoweka? Sababu ya kwanza tunaipenda kwa kuwa inamlaumu mwingine, nayo ni ya kweli. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yaliingia kwa bei ambayo tanuri haikuweza kushindana nayo. Kodi ya mkoloni ilidai fedha taslimu, na vijana wa Ufipa wakaondoka kwenda mashamba ya mkonge na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Kiangazi, ambacho ndicho kilichokuwa msimu wa kuyeyusha, kikakosa nguvukazi. R. C. H. Greig alipoandika juu ya uyeyushaji wa Ufipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, na R. Wise alipoandika humo humo mwaka 1958, walikuwa tayari wanaandika juu ya kazi ya wazee. Baadaye mwanaanthropolojia Roy Willis alichapisha kitabu chake kuhusu historia ya Ufipa mwaka 1981, na mwaka 1995 Mtanzania mwenzetu, Bertram Mapunda, akakamilisha tasnifu yake ya akiolojia juu ya ufuaji chuma wa kusini magharibi mwa nchi. Tunawashukuru. Lakini wengi wao walifika wakati moto umeshazimika.

Sababu ya pili hatupendi kuitaja. Uyeyushaji ulizungukwa na siri. Palikuwa na dawa zilizofukiwa chini ya tanuri, palikuwa na miiko ya unyumba kwa wayeyushaji, na tanuri yenyewe ilitazamwa kama bibi harusi. Siri hiyo ililinda heshima ya kazi, na pia mapato ya wenye kazi. Lakini elimu inayotolewa kwa wachache, kwa masharti na bila kumbukumbu, hufa haraka pale wachache hao wanapotawanyika. Mkoloni aliikata miguu, nasi hatukuwa tumeiachia watoto wengi.

Sasa turudi kwenye gari lililokuwa nyuma ya nyumba. Wengi wetu huichukulia Land Rover kama kilele cha uhandisi wa Uingereza, kitu kilichotoka kiwandani kikiwa kimekamilika. Historia yake ni ya unyenyekevu zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia jeep kuukuu la kijeshi la Marekani katika shamba lake kisiwani Anglesey. Mwaka 1947 akaanza kuwaza gari la namna hiyo la kwao wenyewe, na gari la kwanza la majaribio likajengwa juu ya chesisi ya jeep. Chuma cha pua kilikuwa kikitolewa kwa mgao, hivyo bodi ikatengenezwa kwa alumini. Likaonyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Kwa maneno mengine, gari hili lilizaliwa kwa kuunga vipande, kwa uhaba, na kwa mkulima aliyechoka na gari lake bovu. Tofauti ni kwamba aliyeunga vipande Uingereza alikuwa na kampuni ya kuyageuza mawazo yake kuwa michoro.

Kwetu, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali nayo ilitaka michoro. SIDO iliundwa mwaka 1973. Mkakati wa Viwanda vya Msingi ulipangiwa miaka ya 1975 hadi 1995. Kule Kibaha jeshi lilisanifu lori la Nyumbu, ambalo wa rika langu tuliliona kwenye magwaride tukashangilia. Zilikuwa ndoto za heshima, na sizicheki. Lakini Vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni viliibana nchi, na Nyumbu hakuwahi kuonekana barabarani kwa wingi. Wakati huo Mkoa wa Rukwa, uliokuwa umeundwa mwaka 1974, ulikuwa mbali na kila kitu. Lami ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ilikuja kukamilika katika muongo wa 2010. Miaka yote ya kabla ya hapo, gari likikatika shafti ya nyuma kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa, ule unaoshuka kwenda Muze katika bonde la Ziwa Rukwa, spea haikuwa ya kuagizwa. Ilikuwa ya kutengenezwa.

Waliotengeneza ni hao tunaowaita bubu. Gasketi ilikatwa kwenye katoni na kulowekwa oili. Bushi ilichongwa kwenye tairi kuukuu. Injini ya petroli iliyochoka iling’olewa na mahali pake ikapandikizwa ya dizeli kutoka gari la Kijapani, kwa vishikizo vilivyopimwa kwa macho na kuchomelewa usiku umeme unapokuwa na nguvu. Na springi iliyovunjika haikutupwa. Ilikwenda kwa mhunzi, akaifua kuwa panga, kisu au shoka. Hapa ndipo historia inapoungana. Wahunzi wa Ufipa walipokosa chuma cha ilungu hawakuacha nyundo. Walihamia kwenye chuma cha magari. Tanuri ilikufa, uhunzi ukaendelea kuishi nyuma ya gereji.

Jirani zetu wa Kenya walipitia njia kama hiyo. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 juu ya nchi hiyo ndiyo iliyoeneza dhana ya sekta isiyo rasmi, na mafundi wa Nairobi wakapata jina la jua kali. Serikali hiyo hiyo ilizindua gari la Nyayo mwaka 1990, mradi ambao haukufika popote. Jua kali wapo mpaka leo. Angalia hata jina: kufanya kazi juani ni ushuhuda wa taabu na ujasiri, ilhali sisi tulichagua jina la kunyimwa ulimi.

Nisieleweke kuwa natetea kila kitu. Gereji hizi humwaga oili chafu kwenye mitaro inayoelekea visimani. Breki zilizotengenezwa kwa kubahatisha zimeua watu. Vijana hushika mashine ya kuchomelea bila miwani. Na wapo mafundi wanaoficha ujuzi wao kwa wanafunzi wao kama walivyoficha wayeyushaji, wakiogopa kunyang’anywa wateja. Leseni na ukaguzi vina maana. Ninachopinga ni ukaguzi unaoanza kwa kuhamisha watu mpaka pembezoni mwa mji, ukamaliza kazi hapo, bila yeyote kuuliza nini kinahamishwa.

Kipo cha kufanya. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Uwafuate mafundi waliko, badala ya kusubiri wajaze fomu. Na sisi wa vyuo vikuu tunaruhusu kila mwaka tasnifu zinazorudia mada zilezile. Mwanafunzi mmoja wa historia akikaa miezi mitatu na daftari katika gereji za Sumbawanga, Laela na Namanyere, atarudi na kitu ambacho hakipo katika maktaba yoyote.

Jioni ile nilimweleza baba mdogo hoja ya familia. Alinisikiliza akifuta mikono kwa kitambaa. Kisha akaniomba niwashe injini. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye bloku ya injini, mpini akauweka sikioni, macho kafumba. Alihama sehemu tatu.

“Silinda ya tatu,” alisema. “Mtaiuza, sawa, ni yenu. Hawa wa mizani watawalipa kilo. Hili la kusikiliza watalipima kwa nini?”

Sikuwa na jibu, na sikujifanya ninalo. Tulifikia mapatano ya kawaida ya kifamilia. Gari halitauzwa kwa sasa. Yeye hatalala tena chini yake. Atakaa kwenye kiti, na mjukuu wake aliyemaliza kidato cha nne ndiye atakayeingia chini, baada ya magogo ya mninga kuwekwa pande zote nne. Kabla ya kila kazi kijana ataandika tatizo, na baada ya kazi ataandika lilivyotatuliwa. Daftari nilinunua mimi.

Nilipoondoka lilikuwa na kurasa kumi na moja. Ukurasa wa kwanza una mchoro wa bisibisi na sikio, umechorwa vibaya, na chini yake maneno: “Babu anasema usisikilize kelele, sikiliza tofauti.” Tunazo karakana nyingi kama hiyo, na wazee wake wanapungua kila mwaka. Ya malungu tulichelewa. Hapa bado injini inawaka.