Vischering: ngome iliyozaliwa na ugomvi wa majirani

Askofu Gerhard von der Mark wa Münster alikuwa na majirani wakorofi. Mwaka 1271, katika tambarare za Westfalen, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, alijenga ngome hatua chache tu kutoka makao ya ukoo wa von Lüdinghausen, mabwana waliokuwa wakizidi kutanua mbawa zao na kuacha kumsikiliza. Hapakuwa na adui aliyetarajiwa kutoka ng'ambo. Ngome ya Vischering ilisimamishwa pale ili wenyeji wajue nani mkubwa.

Askofu kujenga ngome si ajabu ya enzi zile. Askofu wa Münster alikuwa mchungaji wa roho na papo hapo mtawala kamili, mwenye ardhi, kodi, mahakama na askari. Ngome yenyewe alimkabidhi msimamizi wake, Albert von Wulfheim. Cheo cha msimamizi huyo, Droste, kikaja kuwa jina la ukoo, na wazao wake wakajulikana kama Droste zu Vischering. Kazi ya kumchunga jirani ikageuka urithi wa baba kwa mwana.

Mtu aliyezoea picha za ngome za Ujerumani zilizokaa juu ya majabali ya mto Rhein atashangaa akifika huku. Kilima hakuna. Nchi ni bapa, mashamba na malisho mpaka macho yanachoka. Kilichopo kwa wingi ni maji, na wajenzi wa Münsterland, nchi inayouzunguka Münster, walitumia walichopewa. Mto Stever ukaelekezwa kwenye mahandaki mapana, katikati vikabaki visiwa viwili, na juu ya visiwa hivyo ndipo ngome ilipokaa.

Mpangilio wake una akili. Kisiwa cha kwanza ni cha shughuli: mazizi, maghala, watumishi. Adui aliyefanikiwa kufika hapo alikuwa bado hajafika popote, maana mbele yake kulikuwa na maji mengine, daraja la kuinuliwa na lango lenye walinzi. Kisiwa cha pili ndicho cha bwana. Hapo ukuta mnene wa mawe umezunguka karibu duara kamili, ukichomoza moja kwa moja kutoka majini, na vyumba vya kuishi vimeegemezwa ndani ya ukuta huo, vikitazama ua mdogo wa katikati. Kwa karne mbili na ushei wakazi wake walikuwa wameipa dunia mgongo.

Katika ardhi chepechepe namna hiyo, mafundi walizoea kukita magogo ya mwaloni kwanza, kisha mawe yakafuata juu yake. Mti uliozama moja kwa moja hauozi, kwa kuwa hewa haiufikii. Hatari huja pale maji yanapopungua. Kwa hiyo yale maji yaliyomzuia adui ndiyo pia yaliyolinda msingi. Yalikuwa na kazi nyingine zisizosimuliwa sana: humo walifugwa samaki wa siku za mfungo, na vyoo vya ngome za aina hii vilimwaga humo humo. Harufu ya kiangazi tuiache. Wakati wa baridi kali tabu ilikuwa nyingine kabisa: maji yakiganda, handaki linageuka barabara, na watumishi walilazimika kuvunja barafu ili adui asivuke kwa miguu.

Sheria ilijaribu kuumaliza ugomvi wa mabwana hawa. Mwaka 1495, katika kikao cha baraza la dola mjini Worms, Mfalme Maximilian wa Kwanza wa Ujerumani alitangaza amani ya kudumu na kupiga marufuku vita vya binafsi. Mwenye kesi aende mahakamani. Jinsi amri hiyo ilivyopokewa huku mashambani inaonekana wazi katika kitu kimoja kinachohifadhiwa Vischering: kola ya chuma yenye miiba iliyoelekea ndani, shingoni. Mwaka 1520, robo karne baada ya marufuku, Goddert von Harmen alimfunga kola hiyo hasimu wake Lambert von Oer, bwana wa ngome ya Kakesbeck iliyo, kama Vischering, katika mji wa Lüdinghausen. Ilibidi Lambert apelekwe Münster, ambako mhunzi aliivunja kwa nyundo juu ya fuawe, shingo ikiwa bado ndani. Akapona. Kwangu mimi kipande hicho cha chuma kinaieleza Westfalen ya wakati ule vizuri kuliko daraja na malango yote.

Mwaka uliofuata, 1521, moto uliiteketeza Vischering. Iliinuliwa tena juu ya misingi ile ile ya mviringo, lakini zama zilikuwa zimegeuka. Mizinga ilikwisha kuufanya ukuta wa mawe kuwa shabaha tu, na tajiri wa karne ya 16 alitaka mwanga, meko yenye nakshi na mahali pa kumkaribishia mgeni. Basi ukuta uliokuwa kipofu ukatobolewa madirisha. Mwanzoni mwa karne ya 17 likaongezwa jengo dogo linalochomoza juu ya maji, lenye madirisha makubwa na mapambo ya mawe ya kuchongwa kwa mtindo wa Renesansi. Ndilo linalopigwa picha kuliko sehemu nyingine zote, na ki-ngome halina maana yoyote: ni sebule iliyotokeza nje pale ambapo zamani mishale ingeanguka.

Ukoo wenyewe baadaye ulihamia kwenye kasri la Darfeld, penye nafasi zaidi. Kuhama huko, kwa maoni yangu, ndiko kulikoiokoa Vischering: bwana asiyeishi nyumbani habomoi ili ajenge upya kwa mtindo wa kisasa.

Majina yao yaliendelea kusikika. Clemens August Droste zu Vischering, Askofu Mkuu wa Cologne, alikamatwa na serikali ya Prussia mwaka 1837 na kupelekwa Minden chini ya ulinzi, kwa kutokubaliana nayo kuhusu ndoa za Wakatoliki na Waprotestanti. Kisha yuko mtawa Maria, aliyezaliwa Münster mwaka 1863. Barua zake kwa Papa Leo wa Kumi na Tatu zilimsukuma kuiweka dunia nzima wakfu kwa Moyo Mtakatifu wa Yesu mnamo Juni 1899, siku chache tu baada ya mtawa huyo kufariki mjini Porto, Ureno. Mwaka 1975 alitangazwa mwenyeheri. Wakatoliki wengi wa Afrika Mashariki wanaosali katika parokia zenye jina la Moyo Mtakatifu hawajui kwamba ibada hiyo imepitia pia katika ukoo wa walinzi wa handaki.

Leo Vischering ni makumbusho, na njia ya baiskeli ya kama kilomita 960, inayounganisha ngome na makasri ya Münsterland, inapita hapo. Ukifika, usikimbilie dirisha lile la picha. Anza na kola ya Lambert, ndipo utoke nje ukaangalie maji.