Apolo wa Boga na Kanisa la Waanglikana katika Kongo

Mkatoliki wa Kasuku, hapa Kindu, ana jirani Mwanglikana. Wanachota maji pamoja na kuzikana, lakini Jumapili kila mmoja hushika njia yake. Kanisa la jirani huyo limetoka wapi? Wengine hujibu upesi: «Ni la Waingereza.» Sivyo kabisa.

Ni kweli kwamba Waanglikana walitengana na Roma huko Uingereza, mwaka 1534, siku za mfalme Henry VIII. Lakini waliowaleta Kongo ni walimu Waganda. Mmoja wao, Apolo Kivebulaya, alifika Boga mwaka 1896. Mtemi Tabaro alimchukia, naye akapigwa sana. Kisha dada yake mtemi alichomwa na mkuki uliofichika majanini, akafa. Apolo akashtakiwa, akafungwa huko Toro. Alipofunguliwa alirudi kwa watu wale wale, na mwishowe Tabaro mwenyewe akabatizwa. Mwaka 1921 Apolo aliingia msituni kuwafundisha Wambuti. Alikufa mwaka 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwa maana huko kazi ilikuwa haijaisha.

Kwa miaka mingi Wakristu wa Boga walikuwa chini ya maaskofu wa Uganda. Mwaka 1972 walipata jimbo lao. Mwaka 1980 waliunganishwa na Rwanda na Burundi, na mwaka 1992 Kongo ikawa na askofu mkuu wake. Kindu nayo ikapata askofu Mwanglikana. Masimango Katanda, wakati huo akiwa askofu wa hapa, alifanywa askofu mkuu mwaka 2016.

Basi Kanisa hilo linajitawala. Askofu mkuu wa Canterbury hana amri juu yake. Hapo ndipo tunapoachana. Sisi twashika umoja na mrithi wa Petro, wala umoja huo hautuondolei Ukongomani wetu.

Je, tumdharau jirani? Hasha! Mwaka 1964 Baba Mtakatifu Paulo VI, alipowatangaza watakatifu Mashahidi wa Uganda, aliwakumbuka pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristu. Moto ule haukuwabagua. Tusiseme kwamba tofauti hazipo. Hiyo si kweli. Lakini tusimcheke anayesali. Tuombe ile siku ambapo jirani wawili wa Kasuku watashika njia moja Jumapili.