Mbwa wa Sokoni na Ugonjwa wa Kichaa

Mtu akipita Kariakoo alfajiri, soko halijachangamka, kisha akashika njia ya Mchafukoge, huenda akawaona mbwa wakitoka penye majalala, wawili watatu, wamekonda, mikia chini, wakienda zao kimya kimya. Jua likipanda hawaonekani tena. Watu wa mji huwaita mbwa koko, yaani mbwa wasio na mwenyewe. Kwa maoni yangu neno hilo limetuponza kuliko meno ya mbwa wenyewe, nami nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza yafaa tutazame mambo ya zamani.

Mahali hapo Wadachi walikusudia kufanya soko kabla ya vita ya 1914. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakapatumia kuwa kambi ya wapagazi wao wa vita, na jina la Kiingereza la kikosi kile likageuka vinywani mwa watu kuwa Kariakoo. Vita ilipokwisha, soko likawa soko. Kisha uwanda wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi, ili kutenga mitaa ya Waafrika na mitaa ya Wahindi na Wazungu, na sababu iliyotajwa ilikuwa afya: magonjwa yasivuke. Binadamu walizuiwa kujenga hapo, lakini mbwa hajui mpaka wa mtaa. Alikula upande huu, akalala upande huu au ule.

Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ulithibitishwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi. Na mwaka 1928 ukathibitishwa kwa binadamu, mwanamke wa sehemu za Ziwa Victoria. Katika Tanganyika habari zake ziliandikwa katika miaka ya 1930. Tangu hapo haujaondoka katika nchi. Mwaka 2002 wataalamu walitoa makadirio yao kwamba Watanzania wapatao 1,500 walikuwa wakifa kwa ugonjwa huo kila mwaka, hali vifo vilivyoandikwa katika hesabu za serikali vilikuwa kama 11 tu. Wengine walikufa nyumbani, wakazikwa, na watu wakasema ni pepo au ni kurogwa.

Na kweli ugonjwa huu wafanana na mambo ya kurogwa. Mtu huumwa na mbwa, jeraha likapona, akarudi shambani kwake. Baada ya miezi miwili au mitatu, pengine hata mwaka, akaanza kuwashwa penye kovu, akaogopa maji, koo likamkaza akijaribu kunywa. Basi hapo hakuna dawa. Karibu wote hufa. Nani atakumbuka mbwa wa miezi mitatu nyuma? Lakini sababu yake yajulikana. Sumu ya ugonjwa, ambayo waganga wa leo huiita virusi, imo katika mate ya mnyama. Ikiingia katika jeraha haipiti katika damu kama sumu ya nyoka, bali huutafuta mshipa wa fahamu na kupanda nao polepole mpaka ubongoni. Aliyeumwa usoni au shingoni ana siku chache kuliko aliyeumwa mguuni, maana njia ni fupi. Na katika mwendo huo wa polepole ndimo ilimo nafasi ya kumwokoa.

Aliyeishika nafasi hiyo kwanza ni Mfaransa Louis Pasteur. Tarehe 6 Julai 1885 aliletewa mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa mara nyingi na mbwa mwenye kichaa siku mbili kabla. Pasteur hakuwa daktari wa kutibu watu, tena dawa yake alikuwa ameijaribu zaidi kwa mbwa, kwa hiyo moyo wake ulikuwa na mashaka makubwa. Mtoto akachomwa sindano 13 kwa muda wa siku kumi, akapona. Alipokuwa mtu mzima akawa mlinzi wa mlango katika chuo cha Pasteur mjini Paris.

Baadaye ikapatikana dawa iliyotengenezwa kwa ubongo wa kondoo au mbuzi, ambayo mtu alichomwa tumboni siku nyingi mfululizo, 14 na hata zaidi. Maumivu yake yalisimuliwa sana, na masimulizi hayo yamedumu kuliko dawa yenyewe. Nimesikia watu wazima wakisema afadhali wakae na jeraha kuliko kwenda kuchomwa tumboni. Sindano za sasa huchomwa begani, ni chache, wala hazitokani na ubongo wa mnyama. Gharama ndiyo iliyowalemea maskini wengi, na wako waliotembea kutoka hospitali hii hata ile wakiitafuta dawa. Hilo ni jambo la kusikitisha, wala si la kumlaumu mgonjwa.

Kabla ya sindano kuna kazi ambayo haina gharama. Jina la Mchafukoge lasikika kama amri: mchafu, nenda ukaoge. Basi jeraha la mbwa na lipewe amri hiyo hiyo. Lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayomiminika, muda wa robo saa, wala si kumwagiwa maji kidogo na kufungwa kitambaa. Lisipakwe majivu, wala mafuta, wala pilipili. Kisha mtu aende hospitali siku ile ile, hata jeraha likiwa dogo kama mkwaruzo. Na mbwa, akiwa ajulikana, asiuawe kwa hasira bali afungwe na kutazamwa siku kumi. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na sumu katika mate yake siku ile alipouma.

Sisi walimu tuna neno letu hapa. Mtoto akiumwa kwa kuwa alimchokoza mbwa, huficha, maana aogopa fimbo ya baba. Katika ugonjwa huu kuficha ndiko kufa. Mtoto afundishwe asimkimbie mbwa, asimguse alalapo, alapo au anyonyeshapo. Lakini zaidi ya hayo ajue kwamba akisema ameumwa hatapigwa. Tena mbwa mwenye kichaa si lazima awe mkali. Mwingine hunyamaza, taya likalegea, mate yakamtoka, na mtoto mwenye huruma akamsogelea kumpa maji.

Sasa nirudi kwa mbwa koko. Desturi ya serikali nyingi tangu zamani ilikuwa kuwapiga risasi au kuwatilia sumu. Mbwa wakafa, ugonjwa ukabaki, maana kila aliyekufa alifuatwa na mtoto wa mbwa mwingine. Katika wilaya ya Serengeti, tangu 1996 hata 2001, watu walijaribu njia nyingine, wakawachanja mbwa zaidi ya 60 katika kila mia. Baada ya mara ya kwanza ugonjwa kwa mbwa ukapungua kwa 70 katika kila mia. Baada ya mara ya pili, kwa 97. Na katika kazi hizo za kuchanja yakaonekana mambo ambayo wengi hawakuyatazamia: mbwa wengi wazururao katika Tanzania wana wenyewe. Huachwa tu wajitafutie. Tukisema koko, twasema si wangu, na hapo hakuna wa kumpeleka kuchanjwa.

Tangu 2010 hata 2015 kazi hiyo ikafanywa katika wilaya 28, Dar es Salaam na Pemba zikiwamo. Pemba ugonjwa ulikwisha mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaletwa tena kutoka nje ya kisiwa, watu wakafa, ikawa lazima kuanza kuchanja upya kwa bidii zaidi, hata ukakoma mwaka 2018.

Siku ya kuchanja, mahali palipotangazwa, wazee huwa wachache. Wanaokuja ni watoto, kamba mkononi, wakivuta mbwa asiyetaka kuja. Na karani akiuliza mwenye mbwa ni nani, mtoto hujibu, ni wetu.