Mahsa ni Mwezi

Kwa Kiajemi, mwezi ule wa angani na mwezi huu wa kulipa kodi ya nyumba ni neno moja tu: mah. Kama Kiswahili tu. Ongeza sa, yaani "kama" au "mfano wa", unapata Mahsa, msichana anayefanana na mwezi. Jina hili lina dada zake: Mahtab ni mbalamwezi, Mahnaz ni mwezi wenye madaha.

Washairi wa Kiajemi walimsifu mpenzi kwa uso wa mwezi karne na karne, hasa mwezi wa usiku wa 14. Mtu wa Pwani hashangai hapo. Ukihesabu tangu mwezi uandame, usiku wa 14 ndio umejaa, na kwetu pia mrembo hufananishwa na mwezi huo huo.

Wengi wetu tulilisikia jina hili Septemba 2022. Mahsa Amini, miaka 22, alitoka Saqqez, mji wa Wakurdi kaskazini magharibi mwa Iran, akaenda Tehran na familia yake. Tarehe 13 polisi wa maadili wakamkamata, eti hijabu yake haikukaa sawa. Tarehe 16 akafa hospitalini. Serikali ikasema ni ugonjwa. Familia ikakataa. Machi 2024, tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ikasema kifo chake kilitokana na ukatili aliofanyiwa akiwa mikononi mwa dola.

Lakini nyumbani hakuitwa Mahsa. Aliitwa Jina.

Ndiyo, Jina. Ni Kikurdi, na j yake hutamkwa kwa ulaini, karibu na zh. Ni ukoo mmoja na jiyan, uhai. Jina letu sisi ni la Kibantu, kwa hivyo kufanana huku ni bahati tu. Hata hivyo, kila nikisoma "Jina Amini" macho hunidanganya kwanza, nadhani ni fomu inayosubiri kujazwa.

Na fomu zimo kwenye hadithi hii. Kwa miaka mingi, ofisi za usajili Iran zimekuwa zikikataa majina mengi ya Kikurdi, na familia nyingi zimeishia kuwa na jina la makaratasi na jina la nyumbani. Sisi tunayajua hayo: kitambulisho kinasema hivi, shosho anakuita vile. Ila shosho akikuita, hakuna karani anayetetemeka. Mahsa ni jina zuri, silisemi vibaya. Ninachouliza ni kwa nini mwezi uruhusiwe kwenye cheti na uhai ubaki nje.

Siku ya mazishi Saqqez, wanawake walivua vitambaa vya kichwa wakaimba kwa Kikurdi: Jin, Jiyan, Azadî. Mwanamke, Uhai, Uhuru. Siku chache baadaye Tehran ilikuwa inaimba hayo hayo kwa Kiajemi: Zan, Zendegi, Azadi. Safari hii Kiajemi ndicho kilichotafsiri.

Mwaka 2023 Bunge la Ulaya likampa Tuzo ya Sakharov, yeye na vuguvugu lililoanza na kifo chake. Wazazi wake na kaka yake walizuiwa kusafiri kwenda kuipokea. Kwenye tuzo ameandikwa Jina Mahsa Amini, la nyumbani likitangulia.